Kibwagizo Si Wino Mwekundu

Malenga wenzangu, naomba ruhusa ya kugombana nanyi.

Sisi ni watu wakali, na tuna haki ya kuwa wakali. Mtu akituletea mshororo wa mizani 15 akauita wa 16, tunamrudisha akauhesabu upya. Akilazimisha kina, tunamcheka. Tumekesha tukibishana kama utungo usio na vina unastahili kuitwa shairi, na wapo waliokosana kwa ajili hiyo hata leo hawapeani mkono. Lakini mashairi hayo hayo tunayoyapima kama sonara apimavyo dhahabu, tukiyapeleka kwenye wavuti tunayamwaga kama mkaa. Tunayavika rangi na ukubwa wa herufi, mstari kwa mstari, kwa lebo iitwayo font, ambayo walinzi wa kanuni za wavuti waliikataa tangu mwaka 1997. Wala hatumwachii ajaye baada yetu alama hata moja ya kumwonyesha ubeti unaanzia wapi na kibwagizo ni kipi.

Nasema jambo hili si la mafundi peke yao. Ni letu. Na nasema kwamba kila ukurasa wa mashairi ya Kiswahili ulioandikwa kwa namna hiyo unapaswa kuandikwa upya kwa laha-mitindo, tena mapema, tungali hai sisi tunaojua kipi ni ukwapi na kipi ni utao.

Kwa asiyelijua jambo lenyewe nitalieleza kwa ufupi. Ukurasa wa wavuti ni maandishi yaliyotiwa lebo ambazo msomaji hazioni. Lebo humwambia kivinjari kwamba hapa pana kichwa, hapa pana aya, hapa pana orodha. Lebo ya font haisemi hapa pana nini. Husema tu: andika kwa fonti hii, kwa ukubwa huu kati ya 1 na 7, kwa rangi hii. Laha-mitindo, ambayo mafundi huiita CSS, ni jalada la pembeni. Ndani yake unaandika mara moja tu kwamba kila kitu kilichopewa jina fulani kiwe na sura fulani. Ndani ya ukurasa linabaki jina. Sura inakaa nje. Ukitaka kubadili sura ya mashairi 300, unagusa jalada moja. Ukiwa umetumia font, utagusa mishororo yote ya mashairi yote 300, na mingine itakuponyoka.

Nianze na kosa langu mwenyewe, ili asiseme mtu kwamba namnyooshea mwenziwe kidole.

Miaka zaidi ya 20 iliyopita nilijitwika kazi ya kuchapa mashairi ya mzee mmoja aliyenifunza mizani. Hakuwahi kutoa kitabu. Mashairi yake 112 yalikuwa katika madaftari manne ya shule, na kauli yake ilikuwa moja: yatie huko wanakosoma vijana. Nikayatia. Kwa kila shairi nilitengeneza jedwali lenye vyumba viwili. Chumba cha kushoto nikakijaza ukwapi wa kila mshororo, mmoja chini ya mwenziwe, tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Cha kulia nikakijaza utao. Vibwagizo nikavipaka rangi nyekundu, vina nikavipaka kijani, na jina la shairi nikalikuza hadi ukubwa wa 6. Nilipoutazama ukurasa kwenye kompyuta yangu nilijiona fundi. Safu mbili zilisimama wima kama nguzo za msikiti.

Mzee akapofuka. Mjukuu wake akampa simu yenye programu ya kusoma kwa sauti kilicho kwenye skrini. Siku moja akaniita. Nikapiga hodi, nikatoa shikamoo yangu, akaitikia, kisha akabonyeza simu pasipo kusema neno. Sauti ikaanza kusoma shairi lake kwa matamshi ya Kiingereza. Ikasoma nusu ya kwanza ya mshororo wa kwanza, ikaruka kwenye nusu ya kwanza ya mshororo wa pili, kisha wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho wa shairi. Halafu ikapanda tena juu na kuanza nusu za pili. Mzee akaizima.

“Mwanangu,” akasema, “ukwapi na utao niliwaozesha mimi, miaka 40 sasa. Hii talaka umeiandika wewe?”

Nilikuwa nimeiandika mimi. Programu ile haikukosea. Ilisoma chumba cha kwanza chote, kisha cha pili, kwa sababu ndivyo nilivyouandika ukurasa. Ilitamka kwa Kiingereza kwa sababu hapakuwa na neno hata moja la kuiambia kwamba hiki ni Kiswahili. Na alipofika penye kibwagizo hakujua kama ni kibwagizo, kwa kuwa nilichokuwa nimemwekea ni rangi nyekundu, na yeye nyekundu haioni. Nilimwahidi kuyarekebisha mashairi yote. Alifariki nikiwa nimefika la 61.

Ndugu wasomaji, naomba tuone kilichotendeka. Utaratibu wa shairi ulikuwa machoni pangu tu. Katika maandishi yenyewe haukuwamo.

Sasa tuitazame historia ya lebo hii, maana wapo wanaoitetea kana kwamba ni urithi. Tim Berners-Lee alipobuni wavuti katika maabara ya CERN, Uswisi, mwishoni mwa miaka ya 1980, alitaka wanasayansi wapelekeane hati. Lebo zake za mwanzo zilitaja sehemu za hati na hazikujali rangi. Watu walipoanza kudai mapambo, njia mbili zilifunguka. Mnamo Oktoba 1994, Håkon Wium Lie, aliyekuwa CERN, alipendekeza laha-mitindo, na Bert Bos akaungana naye katika kazi hiyo. Wakati huo huo wenye vivinjari vya biashara, Netscape wakiwa mbele, walikuwa mbioni kuwavutia wateja, nao wakaona njia fupi ni kuingiza mapambo ndani ya maandishi yenyewe. Hapo ndipo font ilipopata kuenea.

Tazama tarehe zinavyofuatana. Toleo la kwanza la laha-mitindo lilipitishwa rasmi tarehe 17 Desemba 1996. Lebo ya font iliingizwa katika kanuni rasmi, HTML 3.2, tarehe 14 Januari 1997, wiki nne baada ya dawa yake kuwa tayari. Mwezi Desemba wa mwaka huo huo, HTML 4.0 ikatangaza kwamba lebo hiyo haifai kutumika tena. HTML5, iliyokamilishwa Oktoba 2014, ikaihesabu miongoni mwa vilivyopitwa na wakati. Kwa hiyo lebo hii ilikaa kwenye kiti cha heshima kwa miezi 11 tu. Huo ndio “utamaduni” tunaoulinda.

Iwapo tunataka utamaduni wa kweli, turudi kwa waandishi wa Lamu, Pate na Mombasa. Katika miswada mingi ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ubeti mzima ulinyooshwa katika mstari mmoja, na vipande vyake vinne vikatenganishwa kwa alama ndogo. Karatasi ilikuwa ghali, mstari ulikuwa mrefu, lakini mwandishi hakusahau kuweka alama zake. Tenzi hizo zilipohamishiwa hati za Kilatini na kupigwa chapa vitabuni, wahariri wakakipa kila kipande mstari wake. Ubeti uliolala sasa ukasimama. Sura yake ilibadilika kabisa, na hakuna kina kilichopotea, kwa sababu mwandishi wa kwanza alikuwa ameonyesha kipande kinaishia wapi. Mkono wake ulitia alama kwenye viungo vya shairi, na vazi akaliacha libadilike kwa zamani zake.

Mwandishi yule, aliyekuwa na kalamu ya tete na wino wa masizi, aliielewa maana ya laha-mitindo kuliko sisi wenye simu mbili mfukoni.

Nichukue ubeti mmoja wangu, nisije nikamtia mtu mwingine majaribuni:

Vazi si mwili wa mtu, likivuliwa jioni,
Na utungo ndio utu, ukaao maungoni,
Rangi hazileti kitu, kwa asomaye gizani,
Wekeni majina yetu, vipandeni na betini.

Tarbia hii ni ya kawaida: mishororo minne, mizani 16 kila mmoja, 8 kwa 8, kina cha kati tu na cha mwisho ni. Tuuvishe kwa mtindo wa zamani. Mshororo wa kwanza, pamoja na nafasi na koma zake, una herufi na alama 39. Lebo ya kufungua inayotaja fonti ya Arial, ukubwa wa 4 na rangi nyekundu iliyoandikwa kwa tarakimu zake, ina herufi na alama 44. Lebo ya kufunga ina 7. Jumla ni 51. Nguo imekuwa nzito kuliko mwili, na mzigo huo unarudiwa katika kila mshororo, unamfikia msomaji aliyenunua bando kwa shida, na baada ya kumgharimu haumwambii kitu chochote kuhusu shairi.

Mtaniambia kwamba majina nayo yana uzito. Ni kweli. Lebo ya kuuita mstari mshororo, na kuifunga, inafika alama 30. Ukiongeza majina ya ukwapi na utao, mzigo unaweza kulingana na ule wa kwanza au kuupita. Sina ugomvi na mzigo. Nina ugomvi na kilichomo ndani ya mzigo. Wa kwanza umejaa rangi. Wa pili umejaa ilimu.

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Katika laha-mitindo, jina la kila sehemu analichagua mwandishi mwenyewe. Lebo ya font ina lugha yake na amri zake, huwezi kuiongezea neno. Lakini ukitaka kuzipa sehemu za ukurasa majina, hakuna anayekulazimisha kutumia neno la Kiingereza. Andika ubeti. Andika mshororo, ukwapi, utao, mwandamo, ukingo. Andika kina, kibwagizo, mloto. Vivinjari vyote vya dunia vitayapokea maneno hayo na kuyatii. Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alifanya kazi ya kuitengeneza fani hii iwe na kanuni na istilahi zinazofundishika. Sisi tumepewa nafasi ya kuzichora istilahi hizo ndani ya maungo ya kila shairi litakalosomwa duniani, bure, bila kumwomba mtu kibali, na tumeiacha nafasi hiyo tukakimbilia wino mwekundu.

Fikirini faida yake. Mashairi yaliyotiwa majina yanaweza kuulizwa maswali. Mwanafunzi wa chuo kikuu akitaka kulinganisha vibwagizo vya malenga wawili, atavikusanya vyote kwa dakika moja, maana kila kimoja kimeitwa kwa jina lake. Mtunga kamusi akitaka kujua neno fulani hutumika zaidi kwenye vina au katikati ya vipande, atapata jibu. Mwalimu akitaka ukurasa unaoonyesha vina kwa darasa la leo na kuvificha kwa mtihani wa kesho, atabadili mstari mmoja wa laha na asiliguse shairi. Mashairi yaliyopakwa rangi hayajibu swali lolote. Nyekundu ya ukurasa huu ni kibwagizo, ya ukurasa ule ni jina la mtunzi, na ya ukurasa wa tatu ni pambo la sikukuu.

Najua lipo jibu mnalolishika mkononi. Mtasema: sisi tumefundishwa kwamba katika ushairi umbo na maudhui havitengani, nawe unakuja kututenganishia sura na maneno. Jibu hili ni zuri, na kwa sababu ni zuri linastahili kujibiwa vyema. Umbo la shairi ni beti, mishororo, vipande, vina na mizani. Hilo kweli halitengani na maudhui, na ndiyo maana nataka liandikwe ndani ya ukurasa kwa majina yake, lisiachwe likitegemea macho. Ukubwa wa 4 na rangi ya kijani si umbo. Shairi likighaniwa gizani, umbo lote linasikika, rangi haisikiki. Aliyetenganisha umbo na maudhui ni yule aliyeyaweka maneno kwenye ukurasa na umbo akaliacha kwenye kioo cha kompyuta yake. Yaani mimi, na jedwali langu la vyumba viwili.

Wenzetu wa mashairi huru nao wasidhani hawamo. Tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, tumezoea mistari inayokatika kwa kusudi la mtunzi. Kukatika huko ni sauti. Mtunzi wa shairi huru anaposogeza neno ndani, anamwomba msomaji avute pumzi. Iwapo amelisogeza kwa kubandika nafasi tupu 20 mfululizo, kama wengi wafanyavyo, basi kwenye simu nafasi zile zitavunjika ovyo na pumzi itavutwa mahali asipopataka. Amwambie kivinjari kwa jina kwamba mstari huu umeingia ndani, na laha iseme uingie kwa kiasi gani kwenye skrini pana na kiasi gani kwenye nyembamba. Mwenye shairi huru ana haja ya jambo hili kuliko hata mwenye tarbia, kwa kuwa tarbia ikivunjika vina vitatusaidia kuiunga, na lake likivunjika hakuna wa kujua lilivyokuwa.

Jibu la pili nalisikia kwa mafundi wavivu: lebo ya font bado inafanya kazi, vivinjari vyote vinaielewa. Sikatai. Vivinjari vimeagizwa na kanuni zenyewe viendelee kuionyesha, ili kurasa za kale zisizimike. Lakini kuvumiliwa si kukubaliwa. Mgeni aliyekaa barazani miaka yote hii kwa sababu wenyeji wana adabu hajawa mwenye nyumba. Tena hoja yangu haikuwa kwamba ukurasa utazimika. Ukurasa wa mzee wangu haukuzimika. Uliwaka vizuri, ukamsomea upuuzi.

Jibu la tatu ndilo linaloniudhi: sisi ni washairi, hatujui mambo ya kompyuta. Tafadhalini. Mtu anayeweza kutunga ukawafi, akagawa mizani katika vipande vitatu na kuzungusha vina bila kuviangusha, ananiambia kwamba hawezi kuelewa kuwa kitu kilichoitwa kibwagizo kiandikwe kwa herufi za mlazo? Laha-mitindo ni rahisi kuliko arudhi. Ina jina, ina sifa, ina kiasi. Nimeifundisha kwa alasiri moja kwa binti wa kidato cha pili, na siku ya pili alinionyesha makosa yangu.

Jibu la nne ni la wale wanaosema kwamba programu ya kuandikia hufanya kila kitu yenyewe. Hufanya, lakini haijui shairi. Ukinakili shairi kutoka kwenye hati yako ya kompyuta na kulibandika kwenye ukurasa, linakuja na vumbi lote la safari: majina ya fonti, ukubwa, rangi, nafasi zisizovunjika. Bandika maneno matupu kwanza. Kisha uyape majina wewe mwenyewe, maana wewe ndiye unayejua utao umeanzia wapi. Programu haiwezi kulijua hilo, na wala mjukuu wako aliyesomea kompyuta hawezi kulijua asipolifahamu shairi.

Kabla sijataja njia, niwaonye kuhusu tiba ya uongo. Wapo waliosikia kwamba font imekataliwa wakaifuta, kisha rangi ile ile na ukubwa ule ule wakavitia kwa amri za CSS ndani ya kila mshororo. Hao wamemvua mtu kanzu chafu wakamvika kanzu nyingine iliyochovywa kwenye matope yale yale. Wapo pia waliotumia majina, lakini wakaita sehemu zao nyekundu, kubwa, katikati. Siku wakitaka kibwagizo kiwe cha bluu, watakuwa na kitu kinachoitwa nyekundu chenye rangi ya bluu, na watajicheka. Jina litaje kiungo. Rangi ni siri ya laha.

Njia yenyewe si ndefu. Mwanzoni mwa ukurasa, taja lugha: sifa ya lang ipewe thamani ya sw. Herufi hizo mbili ndizo zinazoiwezesha programu ya kusoma kwa sauti, ikiwa ina sauti ya Kiswahili, iitumie. Mtu anayeweka mashairi ya hati za Kiarabu aandike sw-Arab, na mwelekeo wa maandishi autaje kwa sifa ya dir, yenye thamani ya rtl. Asitosheke na kusukuma mistari upande wa kulia, maana nukta na koma zitamkimbilia upande usio wake. Kisha kila ubeti uwe aya moja yenye jina ubeti. Ndani yake kila mstari uitwe mshororo, na ndani ya mshororo vipande viitwe ukwapi na utao, kwa mfuatano wa kughani. Usijenge jedwali. Jedwali ni la hesabu na ratiba.

Halafu uende kwenye laha. Iambie kwamba mshororo ushike mstari wake. Utao upe amri ya inline-block, yaani uhesabiwe kitu kimoja: skrini ikiwa pana ukae ubavuni mwa ukwapi, ikiwa nyembamba ushuke wote chini yake, usikatwe kiunoni. Kwa amri hiyo moja, msomaji wa kompyuta ataona vipande viwili ubavu kwa ubavu, msomaji wa simu ataona vipande vikipokezana, na asiyeona atasikia mishororo kama ilivyotungwa. Mwaka 2003 Dave Shea aliwaonyesha mafundi jambo hili kwa mradi wa CSS Zen Garden, ambapo ukurasa mmoja usiobadilishwa hata herufi ulivishwa sura nyingi na wasanii mbalimbali kwa kubadilisha laha tu. Mafundi walishangaa. Waandishi wa Pate wasingeshangaa.

Sisemi kila mtu afanye yote leo. Nasema kila mwenye mashairi ya watu mikononi mwake aanze na yale ambayo watunzi wake wangali hai, kwa sababu penye shaka unaweza kuwauliza. Nilipokuwa narekebisha mashairi ya mzee wangu baada ya kufa kwake, nilifika kwenye shairi lenye mishororo iliyopakwa rangi katikati ya beti. Nilikuwa nimeipaka mimi mwenyewe, miaka mingi nyuma, kwa maelekezo yake. Sikukumbuka kwa nini. Huenda ilikuwa misemo aliyoikopa, huenda ni mishororo aliyotaka ighaniwe na mtu wa pili. Rangi ilikuwapo, iking'aa kama siku ya kwanza. Maana yake ilikuwa imeondoka na mwenyewe. Ningeandika neno moja tu siku ile, mwitikio au methali au lolote lile aliloniambia, leo shairi lingekuwa zima.

Mpaka sasa mishororo hiyo sijaipa jina. Nimeiacha na rangi yake, font na yote, katika ukurasa mmoja kati ya 112, nikisubiri mtu aliyemsikia mzee akilighani atoke aniambie. Nyingine 111 zimekwisha. Wenye madaftari ya walimu wao, msingoje kufika hapo nilipofika. Waulizeni wangalipo, muandike majina.